Kisoma kadi cha kioski hakiwaki au kinajizima? Fuata umeme hatua kwa hatua

Simu ninazopigiwa zinafanana. "Fundi, kisoma kadi kimekufa, tuletee kingine." "Fundi, kinawaka, kinazimika, kinawaka tena." "Fundi, jana kilikuwa kizima, umeme umekatika na kurudi, sasa kimegoma." Wanaopiga ni wasimamizi wa maegesho, watu wa mapokezi, na mafundi vijana waliokabidhiwa funguo za kioski bila maelezo yoyote. Wote nawauliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, basi nimeona niyaandike.

Ninazungumzia kioski cha malipo kinachojisimamia: cha kulipia maegesho, cha kukatia tiketi, cha mapokezi ya hospitali. Ndani yake kuna kompyuta ndogo, skrini, printa ya risiti, na kisoma kadi kilichofungwa mlangoni upande wa mteja. Kama shida yako ni mashine ya POS ya mkononi yenye betri yake, sehemu kubwa ya maelezo haya haikuhusu.

Shika neno moja kabla hatujaanza. Visoma kadi vingi nilivyoletewa kwamba vimekufa vilikuwa vizima kabisa. Umeme ulikuwa unapotelea njiani, kati ya soketi na kisoma chenyewe. Na aliyekipima kabla yangu alikuwa amepima kioski kikiwa kimetulia, akaona volti zimekamilika, akahukumu kwamba kisoma ndicho kibovu. Umeme mbovu mara nyingi haujionyeshi mpaka mashine ifanye kazi.

Andaa vitu hivi kwanza

- Funguo za kioski, pamoja na ruhusa ya mwenye kioski na ya benki au kampuni iliyoleta kisoma. Usifungue bila wao kujua.
- Multimita. Ya bei ndogo inatosha, ila yenye kitufe cha MIN/MAX itakuokolea muda mwingi.
- Bisibisi ya nyota na bisibisi bapa, mipini yake ikiwa mizima.
- Tochi ya kufunga kichwani, maana utahitaji mikono yote miwili.
- Pawa saplai au adapta ya akiba, yaani boksi linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kisoma: volti zile zile kabisa, ampea zile zile au zaidi, na kichwa chenye chanya na hasi upande ule ule.
- Waya wa akiba wa kisoma, wa aina ile ile.
- Brashi laini kavu.
- Simu ya kupigia picha, daftari na kalamu.

Usalama, na hapa sibembelezi

Volti 230 zinaua. Kama tatizo limeingia kwenye nyaya za ukutani, breka au mita, funga kioski umwite fundi umeme mwenye leseni. Kwa Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA, kwa Kenya ni EPRA.

Usifungue boksi la pawa saplai hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake kuna kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi umeme, inayobeba zaidi ya volti 300 za DC, na inaweza kuzishikilia kwa muda baada ya umeme kukatwa. Pawa saplai mbovu hubadilishwa nzima.

Usifungue kisoma kadi chenyewe kwa hali yoyote. Kimetengenezwa kijilinde: kikihisi kimechokonolewa, kinafuta funguo zake za siri zote palepale, na tangu hapo hakipokei malipo mpaka kirudi kwa waliokitoa. Nimeona kijana mwenye nia njema akifungua skrubu nne tu "apulize vumbi", na kisoma kilichokuwa kizima kikawa hakifai.

Mwisho, ukigusa bati la kioski ukahisi mtetemo au mwasho kidoleni, acha kila kitu. Zima kwenye breka, weka kizuizi watu wasisogee, ita fundi umeme. Mteja atakayegusa bati hilo anaweza kuwa mtoto, au mtu aliyesimama kwenye maji ya mvua.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kugusa

Kishawishi cha kwanza ni kuchomoa na kuchomeka. Jizuie kwa dakika mbili. Tazama kisoma kiko katika hali ipi kati ya hizi: hakina taa wala maandishi kabisa, kinawaka na kuzimika chenyewe, kinawaka vizuri lakini kompyuta haikioni, au kinakataa wakati fulani tu, mfano mchana, au risiti inapotoka. Andika hali hiyo na saa. Piga picha ya skrini na ya taa za kisoma.

Visoma vingi vya kadi za kugusa huwa na taa nne ndogo kwa mstari. Kikiwa kizima na kinasubiri mteja, taa ya kwanza hukonyeza kila baada ya sekunde chache. Ukiona konyezo hilo, basi umeme unafika, na shida yako huenda iko kwenye mawasiliano.

Kabla hujaendelea, funga kioski kwa wateja kwa tangazo linalosomeka. Kama kisoma kilizimika katikati ya muamala, usimwambie mteja agonge kadi tena mpaka uhakikishe kwenye mfumo kama malipo ya kwanza yalipita. Mtu akikatwa mara mbili, kurudishiwa pesa zake kunaweza kuchukua siku kadhaa, na huenda ndiyo nauli yake ya wiki.

Hatua ya 2: Kipi kingine kimekufa?

Skrini inawaka? Printa ina taa? Feni inasikika? Kama vyote vimezima, achana na kisoma kwa sasa, nenda hatua ya 3. Kama ni kisoma peke yake, umeme wa ukutani hauna kesi. Ruka mpaka hatua ya 4.

Ukaguzi huu ni wa sekunde kumi, na bado watu huuruka. Nimewahi kusafiri saa mbili kwenda kwenye "kisoma kibovu" nikakuta mlinzi alichomoa plagi usiku achaji simu.

Hatua ya 3: Soketi, fyuzi na UPS

Weka multimita kwenye volti za AC, alama ya V yenye kiwimbi. Volti zetu ni 230. Ukisoma kati ya 207 na 253 uko ndani ya asilimia 10 juu na chini, endelea. Ukikuta 180 jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha majiko na viyoyozi, usipite tu. Pawa saplai nyingi zimeandikwa 100–240V na zitauvumilia umeme huo mdogo, lakini UPS, ile mashine yenye betri inayoshikilia kioski umeme ukikatika, huenda isiuvumilie. Itakimbilia betri, betri itakwisha, kioski chote kitazima, halafu lawama itamwangukia kisoma kwa sababu ndicho kinachochelewa kurudi.

Plagi ya pini tatu ina fyuzi ndani. Nyekundu ni ya ampea 3, ya kahawia ni ya ampea 13. Itoe uipime kwa mlio wa multimita. Kwa macho hutajua kitu. Ukikuta mtu ameviringisha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi, itoe mara moja, weka fyuzi halisi, kisha utafute kwa nini ile ya kwanza iliungua.

Pima pia ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Kati ya waya wa moto na ethi unatakiwa upate karibu zile zile ulizopata kati ya moto na nyutro. Kati ya nyutro na ethi, volti chache tu. Ukipata namba ya ajabu, mfano 90 kati ya moto na ethi, ethi haipo au imekatika mahali. Kioski bila ethi hufanya kazi, ndiyo maana watu hawaigundui, lakini si salama kwa wateja, na kisoma huanza vituko ambavyo hutavielewa.

UPS ipime kwa vitendo: saa ya wateja wachache, bila muamala wowote unaoendelea, izime soketi kwa swichi yake. Kioski kikizima ndani ya sekunde chache, betri ya UPS imechoka. Betri za aina hii, kwa kawaida, hukaa miaka 3 hadi 5, na joto hupunguza umri huo. Kioski cha nje kinachopigwa jua hakiwezi kukupa miaka mitano.

Hatua ya 4: Zima kwa utaratibu

Zima kompyuta ya kioski kwa njia yake ya kawaida, kisha zima swichi ya ndani, kisha chomoa plagi. Subiri nusu dakika. Kusubiri huku kuna maana: kisoma kinahitaji kuishiwa umeme kabisa ndipo kianze upya kwa usafi, na kapasita za pawa saplai ndizo zinazokichelewesha. Ukichomoa na kuchomeka haraka haraka, unaweza kukiacha kimeduwaa vilevile.

Washa tena. Kama kimerudi na kukaa, usishangilie bado. Andika saa, endelea hadi hatua ya 5, kwa sababu kilichokizimisha mara ya kwanza bado kipo.

Hatua ya 5: Fuata waya kwa macho na vidole

Plagi ikiwa nje, fungua mlango. Anza kwenye pawa saplai, tambaa na waya mpaka mgongoni mwa kisoma. Gusa kila kiungo, kivute kidogo sana. Kiungo kizima hakitikisiki.

Angalia bawaba kwa umakini kuliko mahali pengine popote. Kisoma kimefungwa mlangoni, pawa saplai iko sakafuni mwa boksi, kwa hiyo waya wake hupita kwenye bawaba. Kila mhudumu anapobadilisha karatasi ya printa, mlango unafunguliwa na waya unakunjwa. Baada ya mwaka mmoja au miwili, nyuzi za shaba hukatika ndani ya mpira, na mpira wa juu unabaki mzuri kama mpya. Ushike waya hapo kwenye bawaba, uukunje polepole huku na huku. Ukihisi mahali panalegea kama kamba, wakati pande zote mbili ni ngumu kidogo, hapo ndipo umekatika.

Mengine ya kutafuta: konekta yenye weusi au plastiki iliyojikunja kwa joto; kapasita iliyovimba kichwa, ukiweza kuiona kupitia matundu; njia ya sisimizi; mjusi aliyekufa juu ya saketi, jambo la kawaida kuliko unavyodhani, maana mijusi hupenda ujotojoto wa pawa saplai. Kama kioski kiko karibu na bahari, Kigamboni, Tanga, Mombasa au Unguja, tafuta unga wa kijani kwenye pini za shaba. Hewa ya chumvi hula viungo taratibu, na kiungo kilicholiwa hupitisha umeme wa kuwashia taa lakini hakipitishi umeme wa kufanyia kazi.

Usipulize kwa mdomo. Mate ni maji. Tumia brashi.

Hatua ya 6: Pima pawa saplai peke yake

Soma lebo kwanza. Visoma vya vioski hutumia volti 5 za USB, volti 12, au volti 24. Lebo ya kisoma na lebo ya pawa saplai lazima zikubaliane. Kama hazikubaliani, simama hapo, kuna mtu aliyekutangulia na kuharibu.

Kama pawa saplai yako ina swichi ndogo ya kuteleza iliyoandikwa 115 na 230, hakikisha iko 230 kabla ya kuwasha. Ikiachwa 115 kwenye umeme wetu, italipuka kwa kishindo.

Chomoa waya wa kisoma kwenye pawa saplai, washa umeme, weka multimita kwenye volti za DC, alama ya V yenye mstari ulionyooka. Ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Kwa kawaida, volti 12 zisishuke chini ya 11.4 wala kupita 12.6. Volti 24 ziwe kati ya 22.8 na 25.2. Volti 5 ziwe kati ya 4.75 na 5.25. Kama hapa tayari ni pungufu, badilisha pawa saplai. Kama ni kamili, bado hujathibitisha kitu. Twende hatua inayofuata, ambayo ndiyo roho ya kazi hii.

Hatua ya 7: Pima kwenye kisoma, kikiwa kazini

Zima, rudisha waya wa kisoma, washa. Sasa pima volti mwisho wa safari, kwenye kiungo kilicho karibu kabisa na kisoma, wakati kioski kinafanya kila kinachokifanya siku ya kawaida. Chapisha risiti ya majaribio, ndefu. Gusisha kadi. Fungua na ufunge mlango polepole. Macho yasiondoke kwenye namba.

Nieleze kisa kimoja. Kwenye jengo moja la maduka, Dar es Salaam, kioski cha maegesho kilikuwa kimebadilishiwa kisoma mara mbili. Wateja walilipa, risiti ikianza kutoka kisoma kinajiwasha upya, muamala unabaki njiani. Nilipofika nilipima kama walivyopima wenzangu: volti 24.1, safi. Nikamwomba msimamizi achapishe risiti huku ncha za multimita ziko kwenye konekta ya kisoma. Karatasi ilipoanza kutembea namba ikaporomoka hadi 17, na kabla risiti haijakatika kisoma kikafumba taa zote.

Printa ya risiti haitumii wino, inaunguza karatasi kwa joto, na kichwa chake kinapounguza mstari mweusi hunyonya ampea nyingi kwa mkupuo. Kwenye kioski kile printa na kisoma vilikuwa vinakula sahani moja, pawa saplai moja, kupitia konekta moja ya skrubu. Nikailegeza ile skrubu. Waya wa hasi ukatoka wenyewe: nyuzi tatu tu za shaba ndizo zilizokuwa zimebanwa, nyingine zote zilikuwa zimebaki nje ya tundu tangu siku ya kufungwa, na zile tatu zimebadilika rangi kuwa zambarau kwa joto. Nilikata ncha, nikamenya upya, nikakaza. Namba haikushuka tena chini ya 23.6. Visoma viwili vilivyotangulia havikuwa na kosa lolote.

Mambo ya kuzingatia kwenye kipimo hiki:

- Multimita ya kawaida ni nzito kusoma. Mporomoko wa haraka huenda usiuone. Bonyeza MIN/MAX, chapisha, kisha usome namba ya chini kabisa iliyoshikwa. Kama haina kitufe hicho, chapisha risiti ndefu mara tatu mfululizo ili namba ipate muda wa kushuka.
- Linganisha pande mbili. Volti zikishuka kwenye pawa saplai pia, pawa saplai ni dhaifu au mzigo ni mkubwa kuliko uwezo wake. Zikibaki kamili kwenye pawa saplai lakini zikashuka kwenye kisoma, waya au kiungo cha katikati ndicho kinachokula.
- Waya mwembamba na mrefu ni mwizi. Chukua nyuzi mbili za waya wa mtandao wa kawaida, zipeleke umbali wa mita 10 zikibeba ampea 1: unapoteza karibu volti 1.7 njiani. Volti 12 zinafika zikiwa 10.3. Na kama waya wenyewe ni alumini iliyopakwa shaba, ile ya bei rahisi, hasara inazidi.
- Shikilia ncha za multimita vizuri. Zikigusana ndani ya konekta utapiga shoti, na hapo utakuwa umetengeneza tatizo la pili.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kuona volti zinashuka, akaweka pawa saplai ya volti kubwa zaidi "kufidia". Usifanye hivyo. Printa ikitulia volti hizo zote zinamwangukia kisoma. Volti zibaki zile zile. Unachoweza kuongeza ni ampea, unene wa waya, au pawa saplai ya pili ya kisoma peke yake. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipendekeza kila ninapoulizwa.

Hatua ya 8: Badilisha kimoja kimoja

Kama vipimo havijakupa jibu, badilisha waya wa akiba kwanza, ujaribu. Kisha rudisha ule wa zamani, badilisha pawa saplai, ujaribu. Kisoma chenyewe kiwe cha mwisho. Zima umeme kila unapobadilisha.

Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja na tatizo likaisha, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na kile kibovu kitarudi stoo kikiwa na sifa ya uzima, kisha kikasumbue kioski kingine.

Hatua ya 9: Kama kisoma kinakula umeme wa USB au wa waya wa mtandao

Kwa USB: tundu la kawaida la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 ni 900. Kisoma kikiwa kwenye habu (kigawanyio cha matundu ya USB) isiyo na adapta yake, pamoja na kibodi na kamera, wote wanagawana kidogo hicho hicho. Kitoe kwenye habu, kichomeke moja kwa moja nyuma ya kompyuta. Waya wa USB 2.0 usizidi mita 5. Usiunganishe viongezeo viwili.

Kompyuta nyingi za vioski zinatumia Windows, na Windows ina tabia ya kuzima matundu ya USB ili kuokoa umeme. Fungua orodha ya vifaa (Device Manager), nenda kwenye kila tundu kuu la USB, sehemu ya usimamizi wa umeme, uondoe tiki inayoiruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho. Kisha kwenye mipangilio ya umeme zima usingizi wa USB. Dalili ya tatizo hili ni kisoma kinachopotea baada ya utulivu mrefu, mfano alfajiri kabla ya mteja wa kwanza, na kurudi ukichomoa na kuchomeka.

Kwa waya wa mtandao: swichi ya mtandao inayotoa umeme kwenye waya (PoE) kwa kiwango cha 802.3af hutoa wati 15.4, na baada ya hasara ya njiani kisoma kinahesabiwa wati 12.95. Kiwango cha 802.3at ni wati 30 na 25.5. Urefu usipite mita 100. Hapa kwetu kuna vile viboksi vya kupachika umeme wa volti 24 kwenye waya wa mtandao, vilivyobaki kutoka kwenye antena za intaneti. Usikitumie kimoja kwa sababu tu kichwa chake kinaingia. Kisoma cha kiwango rasmi husubiri kutambuliwa kwanza na swichi na hutegemea volti za karibu 48. Kwa kiboksi hicho hakitawaka, na kifaa kisichofuata kiwango hicho rasmi unaweza kukiunguza.

Hatua ya 10: Washa, jaribu, andika

Funga mlango kwanza, kwa sababu mlango ukifungwa ndipo waya wa bawaba unapokunjwa. Washa umeme, acha kisoma kimalize kuwaka, ndipo uwashe kompyuta. Kwenye baadhi ya vioski, kompyuta ikitangulia haikitafuti tena kisoma kilichochelewa.

Fanya muamala halisi wa kiasi kidogo: mara moja kwa kuchomeka kadi, mara moja kwa kugusisha, na risiti zitoke zote mbili. Kisha rudia mara tano bila kupumzika. Andika ndani ya mlango, kwa kalamu ya wino usiofutika au kwenye karatasi iliyobandikwa: tarehe, volti kikiwa kimetulia, volti wakati wa kuchapisha, na ulichobadilisha. Fundi ajaye, hata kama ni wewe, ataanzia hapo.

Dalili na pa kuanzia

*Kinajizima risiti inapotoka.* Hatua ya 7. Anza na viungo vya skrubu, hasa upande wa hasi.

*Kinazima mlango ukifungwa, kinawaka ukifunguliwa.* Waya wa bawaba. Usiuunge kwa gundi ya plastiki. Badilisha wote, uache ulegevu wa kutosha, ufungwe mbali kidogo na mkunjo.

*Kinasoma kadi ya kuchomeka lakini ya kugusa kinagoma au kinajiwasha upya.* Kusoma kwa kugusa kunahitaji umeme zaidi, kwa sababu antena ya kisoma ndiyo inayoiwasha chipu iliyo ndani ya kadi. Volti pungufu hujionyesha hapo kwanza. Pima wakati kadi iko juu yake.

*Kinazima saa sita hadi saa tisa mchana tu.* Joto. Angalia feni inazunguka, chujio la vumbi halijaziba, na jua halipigi mgongo wa kioski. Pawa saplai ikipata joto kali hutoa umeme pungufu au hujizima kujiokoa. Kivuli cha bati juu ya kioski kimewahi kunimalizia tatizo lililokuwa limeshindikana miezi mitatu.

*Kinajiwasha upya kila usiku, saa ile ile.* Huo si ugonjwa. Viwango vya usalama vya PCI kwa vifaa vya kuingizia PIN vinataka kifaa kijianzishe upya angalau mara moja kila saa 24. Mwombe aliyekileta akipangie saa isiyo na wateja. Kama saa zinabadilika badilika, hapo ndipo utafute tatizo.

*Umeme ukirudi baada ya kukatika, taa zinawaka lakini kompyuta haikioni.* Rudia hatua ya 4, ila wakati wa kuwasha anza na kisoma, kisha kompyuta. Kama hutokea kila mara, weka kifaa cha kuchelewesha umeme, kama vile tunavyolinda friji, kinachosubiri dakika chache umeme utulie ndipo kiuruhusu. Kitakukinga pia na ule mshtuko wa kwanza wa umeme unaporudi kwa nguvu.

*Kisoma kilikaa stoo miezi mingi, kimefungwa, kinaonyesha TAMPER au ujumbe wa tahadhari.* Ndani yake kuna betri ndogo inayolinda funguo za siri kikiwa hakina umeme. Ikiisha, funguo zinapotea. Hakuna cha kupima wala kukaza hapo, kirudi kwa aliyekitoa. Vile vya akiba visikae stoo mwaka mzima bila kuchomekwa. Muulize aliyekuletea ni kila baada ya muda gani viwashwe.

*Umepitia yote na bado.* Piga simu kwa waliokileta ukiwa na haya mkononi: namba ya kifaa iliyo kwenye lebo, picha ya taa na ya skrini, volti kwenye pawa saplai na kwenye kisoma wakati wa kuchapisha, saa tatizo linapotokea, na orodha ya ulivyobadilisha. Ukiwapa namba hizo mbili za volti, wengi hawatakuambia tena "jaribu kuzima na kuwasha".